Wapiga Mizinga wa Kikosi cha 301

Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944, saa nane na nusu mchana, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na topido mbili za nyambizi ya Kijapani karibu na Visiwa vya Maldives. Kuzama kwake hakukuchukua zaidi ya dakika tatu. Waliokuwa ndani walizidi 1,500, na 1,297 kati yao walikufa. Kundi kubwa kuliko yote melini lilitoka kwetu: maafisa na askari 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kwa ajili ya vita dhidi ya Japani. Kikosi kizima kiliondoka Kilindini mwanzoni mwa mwezi ule, na kabla ya jua kuchwa siku ile ya Jumamosi kilikuwa kimekwisha. Hata hivyo mtu anaweza kusoma historia kuanzia darasa la nne hadi chuo kikuu, akaijua Stalingrad na Pearl Harbor, asisikie habari za kikosi hiki hata mara moja.

Kuna anayeweza kusema ni miaka tu, mambo ya zamani hupotea. Lakini miaka haijaipoteza Pearl Harbor. Kikosi cha 301 kimepotea kwa sababu kimeandikwa siku zote kama mzigo wa meli iliyozama. Habari zake ziko ndani ya historia ya meli, ya manowari zilizoisindikiza na ya nyambizi iliyoizamisha. Ndani ya historia ya jeshi la Afrika Mashariki karibu hazimo. Nadhani mpango huo unapaswa kupinduliwa. Watu wale walikuwa mafundi wa silaha ambayo mkoloni alikaa miongo mingi bila kumkabidhi Mwafrika wa upande huu wa bara, na kukabidhiwa kwao silaha hiyo ndilo tukio la kwanza la kuzingatia. Kuzama ni la pili.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka ijulikane mpiga mizinga anafanya nini hasa. Askari wa bunduki humwona adui, au angalau hukiona kichaka alichojificha. Mpiga mizinga haoni kitu. Shabaha yake iko nyuma ya kilima, ng'ambo ya mto au ndani ya msitu, kilomita kadhaa mbele yake. Anayeiona ni afisa mmoja aliyetangulia na askari wa miguu, mwenye darubini, ramani na simu ya upepo au ya waya. Huyo hupeleka habari nyuma kwenye kituo cha hesabu cha bateri, yaani cha kundi lao la mizinga, na hapo hupigwa hesabu ya mwelekeo, umbali, tofauti ya kimo kati ya mzinga na shabaha, upepo na hata hali ya hewa, maana kombora husafiri vingine kwenye joto na vingine kwenye baridi. Kinachofika kwenye mzinga ni namba tupu. Askari aliyeketi kushoto mwa mtutu huzipanga kwenye kifaa cha kulengea, akitumia mti au nguzo iliyochaguliwa kuwa alama, na asipozipanga sawasawa kombora huwaangukia wenzake walio mbele.

Mzinga wa kawaida wa vikosi vya aina hii katika jeshi la Uingereza wakati ule ulikuwa wa ratili 25, ukiitwa hivyo kwa uzito wa kombora lake, yaani kilo 11 na ushei. Uliweza kulirusha zaidi ya kilomita 12. Kikosi kamili kilikuwa na mizinga 24 katika bateri tatu za mizinga minane minane, na kila mzinga ulikuwa na watu sita. Wa kwanza ni sajini, msimamizi wa wote. Wa pili hufungua na kufunga kitasa cha nyuma na kusukuma kombora ndani kwa mti. Wa tatu hulenga na kufyatua. Wa nne hupakia, na wawili wa mwisho hutayarisha makombora na baruti. Kombora na baruti havikushikana: kombora lilitangulia, kisha ikafuata ganda la shaba lenye vifuko vya baruti, chekundu, cheupe na cha buluu. Kwa masafa mafupi kifuko chekundu kilibaki peke yake. Kwa masafa ya kati kiliongezwa cheupe, na kwa marefu vyote vitatu. Kwa hiyo hata askari wa chini kabisa, aliyeinama nyuma ya mzinga akitoa vifuko, alikuwa akifanya hesabu ya umbali kwa mikono yake, katikati ya kishindo, akijua kwamba kifuko kimoja kilichozidi au kupungua kinaweza kuua watu wa upande wake. Kazi hiyo haifanywi kwa nguvu na utii peke yake, na serikali ya kikoloni ililijua hilo vizuri.

Ndiyo maana haikuwa na haraka ya kuifundisha. Baada ya uasi mkubwa wa askari wa Kihindi mwaka 1857, Waingereza waliamua mizinga ya India ibaki mikononi mwa Wazungu. Wahindi waliachiwa bateri chache za milimani zenye mizinga midogo ya kubebwa na nyumbu, na ilibidi wasubiri hadi 1935 ndipo kikosi cha kwanza cha mizinga ya uwandani chenye wapiga mizinga wa Kihindi kiundwe. Mwenye mizinga ndiye mwenye neno la mwisho, na dola iliyonusurika uasi mmoja haikutaka kulipa nafasi neno hilo libadili mikono. Huku kwetu jeshi la King's African Rifles, Keya kama wazee walivyozoea kuliita, lilikuwa jeshi la bunduki na bombomu. Kwa muda wote kati ya vita vikuu viwili kazi yake ilikuwa kulinda mipaka na kuzima ghasia, na mizinga haikuwa miongoni mwa vitu vyake.

Inaweza kujibiwa kwamba hilo lilikuwa suala la fedha, kwa kuwa mizinga ni ghali na makoloni yalikuwa maskini. Gharama ilikuwepo kweli. Lakini Gold Coast na Nigeria, makoloni ya Uingereza hiyo hiyo, zilikuwa na bateri ndogo zenye wapiga mizinga Waafrika tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mizinga yao ilifunguliwa vipande vipande na kubebwa vichwani, na mwaka 1916 waliletwa nayo hadi nchi hizi kupambana na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck. Kwa hiyo ilikwisha kuthibitika, tena katika ardhi yetu wenyewe, kwamba Mwafrika anaweza kuhudumia mzinga. Afrika Mashariki ilikuwa na jambo moja ambalo Afrika Magharibi haikuwa nalo, nalo ni walowezi. Katika nchi ambayo Mzungu alikuwa na shamba la kulinda, mzinga mikononi mwa Mwafrika ulikuwa suala la siasa kabla haujawa suala la bajeti.

Kwa upande wa Wajerumani, historia ya mizinga katika vita hivyo ni mashuhuri zaidi. Manowari yao Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliokolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kuundiwa magurudumu katika karakana ya reli, kisha ikakokotwa na mamia ya wapagazi porini na milimani kwa muda wa vita vilivyobaki. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, na wageni hupiga nao picha. Kuhusu mzinga huo tunajua kipenyo cha mtutu na jina la meli yake. Kuhusu walioukokota hatujui jina hata moja. Katika vita ile Mwafrika wa Afrika Mashariki aliujua mzinga zaidi kama kitu cha kuvuta.

Mlango ulifunguliwa na Waitalia. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, ikiwa na jeshi kubwa Ethiopia na Somalia, mpaka wa kaskazini wa Kenya ukawa mstari wa mbele kwa usiku mmoja. Waingereza walikuwa na askari wa miguu lakini mizinga ilikuwa haba, na iliyofika kwanza ilikuja na watu wa Afrika Kusini, India na Afrika Magharibi. Vita ilipoendelea, bateri za Afrika Mashariki zikaanza kuundwa. Mwaka 1942, brigedi ya Afrika Mashariki ilipotumwa Madagaska kuwang'oa Wafaransa walioitii serikali ya Vichy, ilifuatana na bateri ya 56, bateri iliyobeba jina la Uganda. Mwaka uliofuata ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, ikavushwa Bahari ya Hindi hadi Ceylon. Divisheni haitembei bila mizinga. Ndipo vikapatikana vikosi vya namba za mia tatu, 301, 302 na 303: vikosi kamili, ambavyo askari wake wengi walitoka katika nchi ambazo miaka mitano tu nyuma hazikuwa na mzinga wa kumwonyesha kuruta.

Tusiipambe picha hiyo. Maafisa walikuwa Wazungu wote, na katika vikosi vya ufundi hata masajini wengi walikuwa Wazungu. Mwafrika hakuweza kuwa afisa, na mshahara ulifuata rangi. Kati ya watu takriban 98,000 wa Kenya, 87,000 wa Tanganyika na 77,000 wa Uganda walioandikishwa katika vita hii, wako waliokwenda kwa hiari, waliokwenda kwa sababu ya mshahara, na waliokwenda kwa sababu chifu alitakiwa kutoa idadi fulani ya vijana. Lakini jeshi la mizinga lilikuwa na hitaji ambalo halikuweza kukwepwa. Lilitaka watu wanaosoma namba bila kukosea, na katika nchi zenye shule chache watu hao walikuwa wa kutafutwa. Kwa hiyo mtu anapouliza ni nini kilizama na Khedive Ismail, sehemu ya jibu ni elimu. Palizama mamia ya vijana waliofundishwa vipimo, ramani, mawasiliano na mitambo kwa kiwango ambacho shule nyingi za wakati ule zisingewapa.

Meli yenyewe haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilijengwa Greenock, Uskoti, mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile na kuitwa Aconcagua, na mwaka 1935 ikauzwa Misri na kupewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Ilikuwa na tani 7,500 hivi. Februari 1944 ilikuwa mojawapo ya meli tano za askari katika msafara ulioitwa KR 8, na ndiyo iliyombeba mkuu wa msafara. Walinzi walikuwa watatu: Hawkins, manowari kubwa lakini kongwe, na nyingine mbili ndogo zenye mbio, Petard na Paladin. Manowari mbili za kuwinda nyambizi kwa meli tano zilizojaa watu ni ulinzi mwembamba. Uingereza ilikuwa na haja ya manowari za aina hiyo kila mahali, na Bahari ya Hindi ilipewa kilichosalia.

Nyambizi I-27, chini ya Toshiaki Fukumura, iliingia karibu na msafara mchana, saa ambayo watu wengi walikuwa wamemaliza kula na wako ndani ya meli. Mlinzi mmoja aliiona darubini yake ikichomoza majini kushoto, akapiga kelele, na wapigaji wa melini wakaanza kuifyatulia. Wakati huo huo nyambizi ilirusha topido nne. Mbili zilipiga. Sehemu ya nyuma ya meli ilifunikwa na moto na moshi, na mlipuko mwingine ukatokea kwenye tangi za mvuke. Meli ililala ubavu na kwenda chini. Imewahi kudaiwa kwamba askari wa bara walikufa kwa wingi kwa kuwa hawakujua kuogelea. Dai hilo halina haja ya kujibiwa kwa ubishi. Linajibiwa na saa. Watu 1,500, ngazi chache, dakika zisizozidi tatu: aliyekuwa sitaha za chini alihitaji kwanza kutoka, na wengi hawakufika mahali ambapo kuogelea kungewasaidia.

Walionusurika walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Hapa hesabu ndogo inafaa. Tuchukulie, kinyume na tunavyojua, kwamba wanaume wote 208 walikuwa wa Kikosi cha 301, ingawa miongoni mwao walikuwemo mabaharia na watu wa jeshi la majini. Hata hivyo kikosi kingekuwa kimepoteza watu 788 kati ya 996. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Hasara halisi ilikuwa kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba, vyovyote uhesabuvyo, zaidi ya nusu ya waliokufa siku ile walikuwa watu wa kikosi kimoja cha mizinga. Linganisha sasa na jinsi tukio linavyosimuliwa. Linapotajwa Uingereza, hutajwa kwanza kwa ajili ya wauguzi na wanawake wengine wa jeshi, 77 kati yao wakiwa wamekufa, na msiba huo huhesabiwa kuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kuwapata wanawake wa majeshi ya Uingereza na Jumuiya ya Madola kwa pigo moja. Ni haki wakumbukwe. Baada yao hufuata habari ya mapigano ya manowari na nyambizi, na wapiga mizinga huja mwisho, wakiwa idadi tu.

Mapigano hayo nayo yana sura ambayo kikosi hiki kinapaswa kuwa katikati yake. Meli ilipozama, I-27 ilijificha chini, karibu na mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Petard, chini ya Rupert Egan, ilitupa mabomu yanayolipuka chini ya maji wakati watu bado wako ndani ya maji hayo. Baadhi ya waliookoka topido waliuawa na milipuko hiyo. Nyambizi ililazimika kupanda juu, Paladin ikajaribu kuigonga na kupasuka ubavu, na mwishowe topido ya saba ya Petard ikaimaliza. Walionusurika walipelekwa Addu, atoli ya kusini kabisa ya Maldives. Je, uamuzi wa Egan ulikuwa sahihi? Wanaomtetea wana hoja nzito: meli nne nyingine zilizojaa watu zilikuwa bado zinakimbia eneo hilo, na nyambizi ile ingeachwa ingeweza kuzifuata. Nakubaliana nao. Lawama, kama ipo, iko juu zaidi ya daraja la Petard, kwa waliopanga meli tano zivuke na wawindaji wawili. Penye walinzi wanne, wawili huokoa na wawili huwinda. Penye wawili, kamanda huchagua ni nani afe, na safari hii miongoni mwa waliochaguliwa walikuwemo vijana wa Kikosi cha 301 ambao hakuna aliyewauliza lolote kuhusu mpangilio wa msafara.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kukipa kikosi hiki nafasi katika historia yetu ya kijeshi ni kwamba hakikupigana. Hakikumfyatulia Mjapani kombora hata moja. Kwa nini kihesabiwe pamoja na wenzao waliofika vitani Burma? Pingamizi hili linasahau vita vya usafiri. Japani ilituma nyambizi Bahari ya Hindi kwa sababu kikosi kilichozamishwa njiani ni kikosi kisichohitaji kupigwa porini. Kwa hesabu ya Fukumura, wale 996 walikuwa shabaha ya kivita, na hakukosea. Kisha tunao ushahidi wa kile ambacho wangekifanya, kwa sababu wenzao walikifanya. Kuanzia Agosti 1944, katika mvua za masika ya huko, Divisheni ya 11 ilishuka bonde la Kabaw kutoka Tamu. Bonde hilo lilikuwa na malaria na homa nyingine za kuua, na barabara zake zilikuwa tope la kumeza magari. Mizinga ilivutwa humo kwa nyaya na kwa mabega, chakula na makombora vikiangushwa na ndege. Katikati ya Novemba divisheni ilikutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 karibu na Kalemyo, mwanzoni mwa Desemba ikaingia Kalewa, na hapo likajengwa juu ya mto Chindwin daraja la vyuma lenye urefu wa futi 1,154, ambalo Jeshi la 14 lililipitia kuelekea kati ya Burma. Askari wa miguu wa Keya walisonga mbele katika bonde lile wakifunikwa na makombora ya ndugu zao wa mizinga. Kikosi cha 301 kilikuwa na mafunzo yale yale na kilikuwa njiani kwenda kwenye vita ile ile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na huletwa na watu ninaowaheshimu. Wanauliza kwa nini tuwakumbuke watu waliokufa wakiitumikia dola iliyotutawala. Kwa nini tusiwaachie Waingereza wawakumbuke watu wao? Jibu langu ni kwamba Waingereza wamekwisha kuwakumbuka watu wao, na ndiyo maana wauguzi wana habari na wapiga mizinga wana namba. Kumkumbuka askari hakumaanishi kuibariki bendera iliyokuwa juu yake. Wala wapigania uhuru hawakuona aibu kuwa na askari wa vita hii miongoni mwao. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China katika vita vya Mau Mau, alikuwa Keya huko Burma. Tukiwafuta waliovaa sare ya mkoloni, tutafuta sehemu kubwa ya kizazi kilichouona udhaifu wake kwa karibu. Aliyepanga namba kwenye kifaa cha kulengea akalipwa chini ya Mzungu aliyesimama kando yake alikuwa na hesabu nyingine pia ya kupiga.

Lipo na la tatu, la wanajeshi: kwamba hakuna mfululizo wowote kati ya mizinga ya 1944 na majeshi ya leo, hivyo kikosi hiki hakina warithi. Ni kweli mfululizo ulikatika, lakini kukatika kwenyewe ni ushahidi. Vita ilipokwisha, Uingereza haikuwa na nia ya kuyaachia makoloni yake ya Afrika Mashariki wapiga mizinga wengi waliofundwa. Vikosi vilivunjwa, watu wakarudishwa vijijini. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilirithi batalioni mbili za askari wa miguu zenye silaha nyepesi, bila mizinga. Ujuzi uliokuwepo mwaka 1944 ulibidi uanzwe upya na mataifa huru, kwa walimu wengine na silaha za nchi nyingine. Mwishoni mwa 1978, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipopanga mizinga na makombora yake kando ya mto Kagera, milio yake ilivitisha vikosi vya Idi Amin kiasi cha Waganda kuyapa makombora yale jina la Saba Saba. Wapigaji wa Kagera hawakufundishwa na wa Burma, na hilo halikuwa lazima liwe hivyo. Palikuwa na watu wa kuwafundisha. Wengine walikuwa wamezamishwa, na waliorudi walirudishwa shambani.

Tofauti na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba wengi wao hawakuwahi kupewa jina wala kaburi, watu wa Kikosi cha 301 wana majina. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ina bunduki na haina jina la mtu. Lakini katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, kuna Ukumbusho wa Afrika Mashariki, na humo wamechongwa waliopotea na Khedive Ismail. Kazi ngumu ya kuandika nani alikufa ilikwisha kufanywa. Iliyobaki ni ya waandishi wa vitabu vya shule wa Kenya, Uganda na Tanzania kulitaja tukio hili kwa jina la kikosi kabla ya jina la meli, na ya familia zenye barua, picha au karatasi za jeshi za wakati ule kuzipeleka kwenye nyaraka za taifa zikanakiliwe. Mtoto aliyeachwa na mpiga mizinga wa Kikosi cha 301, kama yu hai, leo ana zaidi ya miaka 80. Aulizwe sasa, na majibu yake yaandikwe.